Kisukari cha mimba: ugali uwe wa mwisho

Hii nimeipata kwa nesi wa kliniki ya wajawazito, na mashine ya kupimia sukari imeikubali. Kama una kisukari cha mimba, geuza mpangilio wa kula: anza na mchicha au sukuma wiki, fuatisha dagaa, yai au maharage, halafu dakika kama kumi baadaye ndiyo uguse ugali au wali. Chakula ni kilekile. Nyuzinyuzi na protini zikitangulia, tumbo huachia wanga polepole, na sukari haipandi kwa kishindo. Hilo ni muhimu, maana wakati wa mimba mwilini tayari kuna homoni za kondo la nyuma zinazoikwamisha insulini, ile inayoshusha sukari. Pima saa moja tangu uanze kula: lengo la kawaida ni chini ya 7.8 mmol/L, au chini ya 6.7 baada ya saa mbili. Kwa uji wenye sukari, juisi na soda mbinu hii haifui dafu, maana vya kunywa hupita haraka. Wala mlima wa ugali hauokolewi na vijiko viwili vya mchicha! Sukari ya asubuhi kabla ya kula nayo ni habari nyingine, hiyo ini huitoa usiku. Ikizoea kufika 5.3 au zaidi, rudi kliniki, huenda ukahitaji dawa. Anayechoma insulini kabla ya chakula asicheleweshe wanga bila kuongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka ghafla.