Imeili za wazazi, jinsi ya kuzituma bila kuanika anwani zao

Walimu wenzangu wa Tanga, anwani za wazazi msizijaze kwenye To (sehemu ya mpokeaji, kila mtu anaiona) jamani, hapo weka yako mwenyewe, zao zote zipeleke Bcc, sehemu inayoficha anwani za wapokeaji. Mimi nilishakosea, mama mmoja wa Ngamiani akabonyeza kuwajibu wote, habari ya deni la ada ya mwanawe ikasomwa na wazazi wa darasa zima, iliniuma sana na nikaenda kwake kumuomba radhi.

Kwenye Google Contacts, yaani kitabu cha anwani cha Google, tengeneza lebo (kundi la anwani) ya kila darasa, mtoto akihama mtoe mzazi wake siku hiyohiyo. Gmail ya bure mwisho watu 500 kwa siku. Wasiofungua imeili, na ni wengi tu, watumie esemesi fupi, mfano "kikao Jumamosi saa 3 asubuhi".