Titi Lililovimba: Namna ya Kufuatilia Maambukizi Bila Kuipa Saratani Nafasi ya Kujificha

Titi linapovimba ghafla, likawa na joto na maumivu, na homa ikapanda, chanzo huwa mara nyingi ni bakteria, hasa yule aitwaye Staphylococcus aureus, anayepenya kupitia nyufa za chuchu za mama anayenyonyesha. Hali hiyo hutibika. Hata hivyo, kuna saratani moja, adimu lakini kali, inayojitokeza kwa sura hiyohiyo: titi huvimba, ngozi hubadilika rangi, na pengine hakuna donge lolote linaloshikika. Kwa sababu hiyo, kila anayetibiwa maambukizi ya titi anapaswa kujua namna ya kufuatilia tiba yake.

Siku dalili zinapoanza, andika tarehe. Ukiwa na homa au maumivu makali, nenda kituo cha afya badala ya kununua vidonge dukani kwa kukisia, kwa kuwa dozi isiyofaa hupunguza maumivu kwa muda na kuacha jipu likijikusanya ndani. Endelea kunyonyesha, hata kwa titi linalouma, isipokuwa mhudumu wa afya akikueleza sababu mahususi ya kusitisha. Maziwa yakikwama, uvimbe huzidi. Ukipewa antibiotiki, imalize dozi yote.

Baada ya siku mbili au tatu za dawa unatakiwa kuona nafuu iliyo wazi. Ukikosa nafuu hiyo, rudi ukaangaliwe kama kuna jipu, jambo linalobainika kwa altrasaundi. Dozi ikiisha na titi likabaki vilevile, usikubali kuandikiwa dozi ya pili na ya tatu bila uchunguzi mwingine, bali omba altrasaundi na kipimo cha kuchukua kinyama, yaani biopsi, au rufaa ya kwenda panapofanyika. Kipimo hicho ndicho kinachotenganisha saratani na kifua kikuu cha titi, ugonjwa adimu ambao nao hauponi kwa antibiotiki za kawaida.

Tazama ngozi kwa makini kuliko kitu kingine. Vitabu vingi vya tiba hueleza wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huweza kuonekana kama zambarau au weusi uliokolea, na nadhani hapo ndipo wanawake wetu wengi wanapoweza kupitwa na dalili. Linganisha matiti mawili kwenye mwanga wa mchana. Ngozi iliyokuwa nene yenye vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, au tezi zilizovimba kwapani ni sababu tosha ya kutosubiri. Asiyenyonyesha, na hasa aliyekwisha koma hedhi, asiridhike na jibu la maambukizi peke yake.

Je, maambukizi yenyewe yanaweza kuzaa saratani? Swali hili ni la haki, maana bakteria mmoja tayari ana hatia iliyothibitishwa: Helicobacter pylori, ambaye mwaka 1994 aliwekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la visababishi vya saratani, ile ya tumbo. Anapokaa tumboni kwa miaka mingi, seli za kinga humshambulia bila kummaliza, na kemikali zinazomwagwa katika mapambano hayo huharibu pia vinasaba vya seli za jirani, huku ishara za kuponya jeraha zikizihimiza seli hizo zigawanyike. Kwa titi, ushahidi wa namna hiyo haupo. Bakteria wamepatikana ndani ya uvimbe wa saratani ya matiti, na mwaka 2020 watafiti wa Israeli walionyesha kwa panya kwamba Fusobacterium nucleatum, anayeishi kinywani mwa binadamu, huharakisha ukuaji na usambaaji wa uvimbe huo na kuzipunguza seli za kinga zinazoushambulia. Lakini panya hao walikuwa tayari wamepandikizwa saratani. Bakteria aliikuta, hakuianzisha.

Kwa hiyo unaposoma habari inayounganisha bakteria na saratani ya matiti, uliza kwanza kama ni ya panya au ya watu, kisha uliza kipi kilitangulia. Mwanamke anayegundulika na saratani miezi michache baada ya kutibiwa maambukizi huenda alikuwa nayo tangu mwanzo. Mwaka 2004 utafiti mmoja wa Marekani uliona kwamba waliotumia antibiotiki nyingi walipata saratani ya matiti zaidi, lakini haukuweza kubainisha kama kosa ni la dawa, la magonjwa yaliyosababisha dawa hizo zitumike, au la jambo la tatu. Hiyo si sababu ya kukataa dawa uliyoandikiwa.

Wala usiache kunyonyesha kwa hofu ya maambukizi. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa takriban asilimia 4.3.

Utakaporudi kliniki, beba karatasi yenye tarehe ya kuanza kwa dalili, majina ya dawa zote ulizotumia na siku ulizozitumia, pamoja na mabadiliko ya ngozi uliyoyaona. Mtaje pia mama, dada, shangazi au bibi aliyewahi kuugua saratani ya matiti au ya ovari, kwa upande wa mama na wa baba. Kisha muulize daktari moja kwa moja: "Nini kinakuhakikishia kwamba hii si saratani?" Akijibu kwamba ni umri wako au kunyonyesha kwako, omba tena biopsi.