Jinsi ya kusoma mwelekeo wa vifo vya barabarani Australia bila kupotoshwa na namba za mwaka mmoja

Mwaka 2022 jimbo la Australia Kusini lilirekodi vifo 71 vya barabarani. Mwaka uliofuata vilifika 117, yaani ongezeko la asilimia 65. Namba hiyo ni sahihi, lakini ukiipeleka kwenye ripoti ikiwa peke yake umempotosha msomaji. Panga miaka mitano kwa mfuatano: 93 mwaka 2020, kisha 99, 71, 117, na 91 mwaka 2024. Wastani ni 94. Mwaka 2022 ulikuwa chini kuliko kawaida, na ukianza kuhesabu kutoka shimoni, hata tambarare itaonekana mlima.

Data ipo wazi na ni ya bure. Taasisi ya serikali kuu iitwayo BITRE hutunza kanzidata ya vifo vya barabarani inayoanzia 1989 na huongeza taarifa kila mwezi. Pakua mafaili yote mawili: la vifo, ambamo kila mstari ni mtu mmoja aliyefariki, na la ajali, ambamo kila mstari ni ajali moja. Usiyachanganye. Ajali ya basi karibu na Greta, New South Wales, Juni 2023 iliua abiria 10. Kwenye faili la vifo hiyo ni mistari 10 yenye namba moja ya ajali, na kwenye faili la ajali ni mstari mmoja tu. Chati ya abiria wa jimbo hilo itaonyesha mwiba mwezi huo, na mwiba huo haukuambii lolote kuhusu mienendo ya abiria kwa ujumla.

Anayehesabiwa ni aliyefariki ndani ya siku 30 baada ya ajali kwenye barabara ya umma. Aliyefariki siku ya 31 hayumo, wala aliyegongwa na trekta ndani ya shamba lake.

Kabla ya kuhesabu chochote, safisha. Thamani isiyojulikana imeandikwa -9. Ukitafuta wastani wa umri bila kuiondoa, wastani utashuka na programu haitakulalamikia. Kwenye safu ya kikomo cha mwendo utakuta pia "<40", yaani chini ya 40, ambayo ni maandishi. Mstari mmoja wa namna hiyo unatosha kuifanya safu nzima isomwe kama maneno, na hesabu zako zikakwama. Halafu kumbuka kwamba safu hiyo inataja kikomo kilichowekwa barabarani, si mwendo aliokuwa nao dereva. Anayeitumia kuthibitisha kwamba watu walikuwa wanakimbiza magari anadai kitu ambacho faili halikusema.

Sasa tengeneza jedwali la pivoti, yaani la muhtasari: majimbo kwenye mistari, miaka kwenye safu, hesabu ya watu katikati. Utapata majimbo sita na maeneo mawili, NT (Northern Territory) na ACT (eneo la mji mkuu, Canberra). Usilinganishe namba hizi ghafi. Chukua idadi ya watu kutoka ofisi ya takwimu ya taifa, ABS, ya katikati ya mwaka uleule, gawanya vifo kwa idadi hiyo, kisha zidisha kwa 100,000. Northern Territory ilikuwa na vifo 58 mwaka 2024 kwa wakazi wapatao 255,000: zaidi ya 22 kwa kila watu 100,000. New South Wales, yenye vifo vingi zaidi ya mara tano, iko karibu na 4. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni jiografia. NT ina barabara ndefu za mwendo mkubwa, na hospitali ziko mbali. Kwa hiyo linganisha pia kwa safu ya umbali kutoka miji mikubwa, ukikumbuka kwamba kwa miaka ya nyuma safu hiyo ina mapengo mengi.

Mabadiliko ya mwaka kwa mwaka yapime hivi: toa namba ndogo kwenye kubwa, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha jumla yao. Jibu likiwa chini ya 2, nyamaza. Huenda ni bahati tu. NT ilitoka 31 mwaka 2023 hadi 58: 27 gawanya kwa 9.4 ni karibu 2.9. Hapo pana jambo la kuchunguza. Lakini Australia Kusini ya mwanzoni inapata 3.4, na bado tumeona kilichotokea. Kipimo hiki hudhani umeuchagua mwaka kabla ya kuziona namba. Ukipekua majimbo yote na miaka yote ukitafuta mruko mkubwa, utaupata tu. Ndiyo maana jumla ya miezi 12 inayosogea, yaani kila mwezi unajumlisha vifo vya miezi 12 iliyoishia hapo, ikiwekwa kando ya wastani wa miaka mitano, ni salama zaidi.

Kwa makundi ya watumiaji wa barabara, unganisha kwanza mwendesha pikipiki na abiria wake; faili limewatenga, na wengi humsahau wa nyuma. Pikipiki ni chini ya asilimia 5 ya vyombo vilivyosajiliwa, ilhali vifo vyao ni takriban moja ya tano ya vyote. Hapa usigawanye kwa idadi ya watu. Gawanya kwa pikipiki zilizosajiliwa, la sivyo ongezeko la pikipiki zenyewe litasomeka kama ongezeko la hatari. Waendesha baiskeli ni wachache kiasi kwamba kuwagawa kwa jimbo na mwaka hakuna maana. Waunganishe miaka mitano au wasome kitaifa.

Kwa watembea kwa miguu, tazama umri. Faili limegawanya umri kwa vipande visivyolingana: 40 hadi 64 ni miaka 25, 65 hadi 74 ni miaka 10 tu. Ukichora hesabu ghafi, wazee wataonekana salama kuliko walivyo. Tumia safu ya umri halisi, gawanya kwa watu wa umri huo, na uweke waliofika 75 katika kundi lao.

Lengo la mkakati wa taifa wa 2021–30 ni kupunguza vifo kwa angalau asilimia 50 kutoka wastani wa 2018–2020, basi chora wastani huo kama mstari mlalo kwenye chati ya taifa. Mwaka 2024 vifo vilikaribia 1,300, juu ya mstari huo. Miezi ya karibuni hurekebishwa polisi na wachunguzi wa vifo wanapokamilisha kazi, kwa hiyo andika tarehe ya kupakua chini ya kila chati.