Kufunga matangi ya ziada ya dizeli na maji kwenye Land Cruiser

Gari linalotoka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kuvuka jangwa la Chalbi kuelekea North Horr na hifadhi ya Sibiloi haliwezi kutegemea tangi lake la kiwandani peke yake. Wengi hulitatua jambo hili kwa kupanga madumu ya lita 20 juu ya keria, na kwa mtu anayesafiri hivyo mara moja moja njia hiyo inatosha. Hata hivyo, dumu la chuma lililojaa dizeli lina takriban kilo 20, kwa hiyo madumu sita ni zaidi ya kilo 100 zilizokaa mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa, ambapo hulivuta gari upande kila linapopita kwenye njia iliyoinama. Anayesafiri mara kwa mara atafute nafasi chini ya gari.

Maelezo haya yanahusu Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, hasa HZJ78 (ya bodi ndefu iliyofunikwa) na HZJ79 (pikapu) zenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, kwa kuwa ndizo nyingi katika kazi za porini Afrika Mashariki na mafundi wengi wanazifahamu. Gari la petroli lina masharti mengine, kwani mvuke wa petroli huwaka kwa wepesi zaidi, na haya yasihamishiwe kwake moja kwa moja.

Hesabu kwanza

Kosa linaloonekana mara nyingi ni mtu kununua tangi kubwa kuliko yote yanayoweza kuingia, kisha kuanza kutafuta springi za kulibeba. Hesabu ianze na safari yenyewe. Tuseme safari ni ya kilomita 800 bila kituo cha mafuta cha kutegemewa, na gari lenye mzigo linatumia lita 18 kwa kila kilomita 100 kwenye mchanga na mawe. Hizo ni lita 144. Ukiongeza robo kwa ajili ya kupotea njia, kurudi nyuma au kukwama, unapata lita 180. Tangi la kawaida la HZJ79 ni la lita 130, na ni busara kuhesabu 120 tu kati ya hizo. Kwa hiyo pengo ni lita 60, wala si 150 wala 200.

Maji huhesabiwa vivyo hivyo. Katika joto la kaskazini mwa Kenya, lita 6 kwa mtu kwa siku zinatosha kunywa, kupika na kunawa kwa kubana. Watu watatu kwa siku tano wanahitaji lita 90, na siku moja ya dharura inafikisha 108. Lita moja ya maji ina kilo moja kamili, ilhali lita moja ya dizeli ina takriban gramu 840. Kwa hiyo lita 60 za dizeli ni kama kilo 50, maji ni kilo 108, na matangi pamoja na vyuma vya kuyashikilia huweza kufika kilo 40. Jumla ni karibu kilo 200, yaani watu watatu wazima ambao hawashuki. Uzito huo uongezwe kwenye mizigo, abiria na winchi, kisha ulinganishwe na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha gari. Ukizidi, punguza kitu kingine, kwa sababu springi nzito zaidi huinua gari lakini haziongezi nguvu ya breki wala ya ekseli.

Mahali pa tangi ni muhimu sawa na ukubwa wake. Katika HZJ78, umbali kati ya ekseli mbili ni milimita 2,980. Ukifunga tangi ambalo likijaa lina kilo 150, na katikati yake iko mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi kilo 150 bali kilo 200, na ile ya mbele inapunguziwa kilo 50. Dereva huliona jambo hili kwenye usukani unaokuwa mwepesi na taa zinazomulika juu ya miti. Kwa hiyo maji, ambayo ndiyo mazito, yakae kati ya ekseli mbili kwa kadiri inavyowezekana, na nafasi ya nyuma iachiwe tangi dogo la dizeli. Magari ya watalii yaliyorefushwa chesisi, kama yale yanayoonekana kila siku Arusha, yana faida hapa, maana urefu ulioongezwa huacha nafasi nzuri kabisa katikati.

Kuchagua tangi

Kwa dizeli, chuma cha kawaida cha milimita 2 kilichopakwa rangi nje, alumini ya milimita 3 au plastiki iliyotengenezwa mahususi kwa mafuta vyote vinafaa. Bati lililopakwa zinki halifai hata kidogo, ingawa mafundi wa matangi ya maji ya nyumbani watakushawishi. Zinki huungana na dizeli na kutengeneza utando unaoziba filta. Viungo vya shaba navyo viepukwe, kwani shaba huharakisha kuharibika kwa dizeli. Ndani ya tangi lolote linalozidi lita 40 kuwe na vibao vya kukata mawimbi, vyenye matundu chini na juu, kwa sababu mafuta yanayokwenda mbele na nyuma kwenye barabara ya makorongo hupasua maungio ya tangi na vishikizo vyake.

Tangi jipya lijaribiwe kabla ya kufungwa. Ziba matundu yote isipokuwa moja, ingiza hewa kwa shinikizo dogo la takriban psi 3, kisha paka povu la sabuni kwenye kila mshono uliochomelewa. Usizidishe shinikizo, maana ubavu bapa wa tangi huvimba upesi. Tangi lililokwisha kuwekwa mafuta lisichomelewe kamwe, hata kama fundi anadai limeoshwa; mvuke uliobaki kwenye kona moja unatosha kulilipua.

Kulifunga chini ya gari

Pandisha gari kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake. Kisha inua ekseli ya nyuma kwa jeki mpaka ifike kwenye raba zinazoizuia, kwa sababu hapo ndipo difu na propela hufika gari linapotua shimoni kwa kishindo. Pima kutoka hapo, na uache angalau milimita 50 kati ya tangi na kitu chochote kinachosogea. Kutoka kwenye ekzosi acha milimita 100, au weka bati la kukinga joto katikati. Angalia pia kona ya nyuma: tangi linaloning'inia chini ya bampa litakuwa la kwanza kugonga ukingo wa korongo.

Chesisi ya Land Cruiser hujipinda inapopita juu ya mawe, na imeumbwa hivyo makusudi. Tangi lililofungwa kwa bolti nne bila raba hulazimika kujipinda pamoja nayo, na baada ya muda hupasuka kwenye kona. Ama tumia pointi tatu, ama tumia mikanda ya chuma yenye raba nene pande zote. Toboa ubavu wa chesisi tu, kamwe si kingo zake za juu na chini, na utumie bolti za daraja la 8.8 zenye nati za kujifunga. Ikibidi kuchomelea mahali popote kwenye gari, chomoa betri na altaneta kwanza. Bodi imekalia raba zake na husogea peke yake juu ya chesisi, kwa hiyo tangi lifungwe kwenye chesisi tu, na bomba la kujazia linaloishia kwenye bodi liwe na kipande cha mpira chenye ulegevu wa kutosha.

Mabomba ya dizeli

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na chanzo huwa ni vitu viwili ambavyo havionekani gari likiwa limesimama gereji: mafuta yanayorudi na pumzi ya tangi.

Pampu ya injini ya dizeli huvuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na ziada hurudi kwenye tangi kwa bomba la pili. Fundi akiweka koki ya kubadilisha njia ya kuvutia pekee, injini itavuta kutoka tangi la ziada na kurudisha kwenye tangi kuu, hadi tangi kuu lifurike na kumwaga dizeli barabarani huku geji ikionyesha kuwa kila kitu ni shwari. Anayetaka kubadilisha tangi akiwa anaendesha atumie vali yenye matundu sita, inayohamisha njia ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja.

Mimi napendelea njia rahisi zaidi: tangi la ziada lisiguse injini kabisa. Pampu ndogo ya umeme ya volti 12 ihamishe mafuta kutoka tangi la ziada kwenda tangi kuu, ikipitia filta yenye kikombe cha kunasa maji, na swichi yake yenye fyuzi na taa iwe kwenye dashibodi. Dizeli chafu ya pipa iliyonunuliwa njiani itachujwa hapo kabla haijafika kwenye injini. Jambo moja la kuangalia ni kimo cha matangi: la ziada likiwa juu kuliko kuu, mafuta yatateremka yenyewe hata pampu ikiwa imezimwa, kwa hiyo weka vali ya umeme inayofunga njia swichi inapozimwa.

Pumzi ya tangi ni bomba jembamba linalotoka sehemu ya juu kabisa ya tangi. Bila hilo, pampu huvuta ombwe na tangi hujikunja, na wakati wa kujaza nozeli ya kituo hukatika kila sekunde huku povu likitemwa nje. Mara nyingi bomba lipo ila limebanwa mahali, au limeinama chini katikati na kutuamisha mafuta yanayoziba hewa. Lipandishe mfululizo hadi juu ya kimo cha mdomo wa kujazia, nyuma ya taa au ndani ya nguzo ya bodi, ili lisivute maji gari linapovuka mto, na mwishoni uweke vali inayojifunga gari likipinduka. Bomba la pumzi ya kujazia, linalorudi kwenye mdomo wenyewe, liwe na kipenyo cha angalau milimita 16.

Mipira yote iwe ya mafuta, yenye maandishi ya SAE J30 ubavuni. Mpira wa maji au wa hewa hulainika ndani ya miezi michache. Mdomo wa kujazia uunganishwe na chesisi kwa waya, kwa ajili ya umeme tuli. Usijaze hadi ukingoni: dizeli hutanuka, na lita 100 zilizowekwa alfajiri zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka kwa karibu lita moja na nusu.

Maji

Tangi la maji ni kazi nyepesi zaidi. Tumia chuma cha pua au plastiki ya vyakula isiyopitisha mwanga, kwani mwanga huotesha mwani. Badala ya tangi moja la lita 110, funga mawili ya lita 55, kila moja na koki yake, ili jiwe likitoboa moja msibaki bila maji kabisa. Pampu ya volti 12 ni starehe nzuri, lakini kila tangi liwe na bomba la chini linalofunguliwa kwa mkono, maana betri ikifa hamtaacha kuona kiu. Likifungwa ndani ya gari, bolti zipite sakafuni na kushikwa chini na vibati vipana. Kilo 55 zinazoruka mbele wakati wa ajali huua. Dizeli isifungwe ndani ya gari kwa hali yoyote.

Mdomo wa maji uwe upande wa pili wa gari, mbali na wa mafuta, na kifuniko chake kifungwe kwa ufunguo. Mhudumu wa kituo mwenye haraka akiona mdomo wenye kifuniko atatia dizeli, na harufu yake kwenye tangi la plastiki haitoki tena.

Kabla ya matumizi, safisha tangi kwa dawa ya klorini isiyo na manukato. Ikiwa ni ya asilimia 3.5, mililita 150 kwa lita 100 za maji zinatosha. Fungua kila koki hadi harufu isikike, acha kwa saa nne, mwaga na usuuze mara mbili. Kwenye chuma cha pua usiilaze usiku, kwani klorini hukitoboa polepole. Jaza mahali penye maji unayoyafahamu: katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, ikiwemo Arusha na kandokando ya Mlima Meru, visima vina floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi bali huizidisha.

Baada ya kufunga

Mjulishe mkaguzi wa magari na kampuni yako ya bima kabla ya safari, ili mabadiliko hayo yasije kuwa hoja siku ya madai. Pima gari likiwa limejaa kwenye mizani, ekseli moja baada ya nyingine. Baada ya kilomita mia chache za barabara mbaya, kaza upya bolti na klipu zote, na upitishe mkono juu ya matangi kutafuta mahali penye unyevu au rangi iliyosuguliwa.

Njiani, anza kuhamisha dizeli mara tu geji ya tangi kuu inaposhuka chini ya nusu, wala usingoje taa iwake. Uzito wa nyuma utapungua mapema, na pampu ikikataa utajua ukiwa bado na karibu nusu ya tangi kuu, si wakati limebaki tupu.