Mhusika akigoma kuja, nenda Mwaloni

Mistari umeikariri yote, lakini ukisimama mazoezini mhusika hayupo. Hapo usijifungie chumbani na kitabu cha igizo. Nenda ukatazame watu wakiwa kazini. Mimi nakaa Kirumba, jijini Mwanza, kwa hiyo huanzia Mwaloni, kwenye soko la dagaa na samaki wakavu.

Fika asubuhi, magari yakiwa yanapakiwa. Salimia vizuri kwa Kisukuma, "Mwangaluka", nunua dagaa hata wa elfu moja, kisha kaa mahali unapoonekana ili usidhaniwe kibaka. Simu ibaki mfukoni. Mtu akijua anapigwa picha anaanza kuigiza, nawe unamtaka asiyeigiza.

Chagua mtu mmoja, na kwa huyo mmoja chagua kiungo kimoja. Tuseme miguu ya mchukuzi mwenye gunia. Magoti yamelegea, hatua ni fupi na za haraka, shingo haigeuki. Akitaka apishwe hasemi sentensi nzima: "Pisha! Dada, pisha!" Neno linakomea pale pumzi inapokomea. Usiondoke bado. Msubiri atue mzigo, umtazame akienda kunywa maji: bega lile bado limeinama, na mdomo uko wazi kidogo. Hapo ndipo penye hazina.

Ukirudi nyumbani, jaza ndoo maji, ibebe ukizunguka uani huku ukisema mistari yako. Usitafute uchungu wala uchovu, sikiliza tu sentensi zinakatika wapi. Kisha tua ndoo, useme maneno yaleyale ukiwa umebakiza ile pumzi na lile bega. Utaniambia mhusika wako ni mjane anayegombea nyumba na wakwe zake, habebi gunia. Kweli, lakini ana deni la hospitali na watoto hawajalipiwa ada, na mwili wake unayajua hayo kabla hajafungua mdomo. Mrusi Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa maigizo aliyefariki 1938, alitumia miaka yake ya mwisho kusisitiza jambo hili hili: anza na tendo la mwili, ulifanye kwa ukweli, hisia itafuata. Mimi naliamini kwa moyo wote kwa sababu nimeliona likiwafufua wenzangu ambao walikuwa wanasoma tu.

Kwa habari ya kumshika mtazamaji, shule ni Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, mwezi Juni wakati wa Bulabo, sherehe yao ya mashindano ya ngoma. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vilivyoanza kushindana tangu karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu wako huru kuhama. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo wape mgongo wachezaji kwa muda, utazame umati. Ni kitu gani kimewahamisha? Kwenye bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe, wengi hudhani ni jembe linaporushwa juu. Nilivyoona mimi, watu husogea mapema zaidi, pale mchezaji anapotulia kabla ya kulirusha. Tafuta utulivu wa namna hiyo ndani ya igizo lako, kabla ya tusi au kabla ya habari ya msiba, na usiuharakishe.

Kivuko cha Kamanga, kinachovusha watu ziwani kutoka Mwanza, nacho kinafaa kwa kusikiliza lafudhi na namna watu wanavyobishana kwa sauti ya chini. Ila siri ya mtu ibaki palepale majini. Chukua mdundo wa maneno yake, kisa chake usikiguse.

Kwenye mazoezi yanayofuata peleka kitu kimoja tu ulichookota. Usimweleze mwongozaji wala wenzako, cheza onyesho hadi mwisho, kisha waulize ni wapi walikuamini na ni wapi hawakukuamini. Pale waliposema hawakuamini, rudi sokoni, safari hii utazame mikono.