Mtoto aanze na khichdi, pilipili baadaye

Ukitaka mwanao azoee chakula cha nyumbani cha Kihindi, usianze na mchuzi mkali wa hotelini. Anza na khichdi: mchele na choroko za kuparaza zisizo na maganda, vipikwe pamoja hadi vilainike kama uji mzito. Familia nyingi za India humwanzishia mtoto chakula hicho hicho. Kikombe 1 cha mchele, nusu kikombe cha choroko, maji vikombe 5, manjano kidogo na chumvi ya kuonja tu.

Utamu wenyewe uko kwenye viungo. Pasha samli kwenye kikaango kidogo, tia bizari nyembamba nzima. Ikianza kualika na kunukia, mimina juu ya sufuria. Mpakulie mtoto kwanza. Kisha kaanga samli nyingine na pilipili kavu na kitunguu saumu, uwawekee wakubwa kwenye sahani zao. Hivyo mtoto anakula cha sufuria moja na watu wote, na hilo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Mpe kazi pia: aoshe choroko, anuse bizari kabla haijakaangwa, akoroge mtindi wa pembeni. Samli ya moto tu ndiyo asiisogelee, maana huruka.