Chipukizi wa jazi, usiombe kulelewa: omba jibu la swali moja

Mimi ni mpiga besi. Kazi yangu hunisimamisha nyuma ya wenzangu, na ukikaa nyuma unaona mengi: nani anasikiliza, nani anasubiri zamu yake tu. Vijana hunitumia ujumbe unaofanana: "Shikamoo, naomba uwe mlezi wangu wa kimuziki." Marahaba, lakini nikulee kwa lipi? Sijui hata unapiga chombo gani.

Fanya hivi. Jirekodi ukipiga solo ya dakika 2 juu ya bluzi ya baa 12 (mzunguko wa vipimo 12, kila kimoja mapigo manne). Isikilize mwenyewe, tena na tena, mpaka upate pale panapokukera. Kisha mtumie mkongwe kipande hicho na swali moja: "Nikitoka baa ya 8 kuingia ya 9 napotea, wewe hapo unasikia nini?" Swali kama hilo nalijibu siku hiyo hiyo, hata nikiwa njiani. Nitakwambia usikilize kodi (noti zinazolia pamoja) ya baa ya 8 inavyoisukuma ile ya 9, na uimbe noti inayoziunganisha kabla ya kugusa chombo. Ukifanyia kazi nilichokwambia na kurudi na rekodi ya pili, basi tumeshaanza, wala hakuna haja ya kutangaziana. Wanaouliza ni wengi. Wanaorudi na rekodi ya pili nawajua kwa majina.

Jazi imerithishwa hivyo tangu zamani, watu wakiwa kazini. Mpiga dramu Art Blakey aliigeuza bendi yake ya Jazz Messengers kuwa chuo: Lee Morgan, Wayne Shorter, Freddie Hubbard na miaka mingi baadaye Wynton Marsalis, wote walipita mikononi mwake wakiwa vijana. Harlem, mtaa wa New York, miaka ya 1940, nyumba ya mpiga piano Mary Lou Williams ilikuwa kijiwe cha wapiga piano kina Thelonious Monk na Bud Powell. Walikaa kwenye piano yake, wakajaribu mambo, akawasikiliza. Na mpiga tarumbeta Miles Davis alipomchukua mpiga dramu Tony Williams mwaka 1963, dogo akiwa na miaka 17, ni kwa sababu alikuwa amemsikia akimpigia mpiga saksafoni Jackie McLean. Alisikika mahali, ndipo akaitwa.

Kwa hiyo nenda kwenye vikao vya wazi vya kupiga pamoja, lakini usiende mikono mitupu. Uwe na nyimbo chache ulizozishika kichwani, melodi kamili na siyo kodi peke yake. Simu ibaki mfukoni. Mtazame kiongozi. Akielekeza vidole viwili chini, ufunguo wa wimbo una flati mbili, yaani noti mbili zilizoshushwa nusu hatua. Vikielekea juu, ni shapu, yaani noti zilizopandishwa. Akigusa utosi wake, solo zimekwisha, turudi kwenye melodi. Akionyesha vidole vinne, mnapokezana na mpiga dramu baa nne nne, na hapo usipoteze hesabu wakati yeye anapiga, maana hatakuhesabia.

Ukipewa wewe kuanzisha, usikurupuke. Imba kimoyomoyo sehemu ya melodi yenye noti nyingi kuliko zote, kwa kasi unayoweza kuipiga bila kujikwaa, halafu ndipo uhesabu kwa sauti. Wengi huhesabu kwa kasi ya mapigo ya moyo wao, na mapigo ya mtu mwenye woga tunayajua. Kwenye solo, piga mizunguko miwili ya wimbo, uache. Mzunguko wa sita wa mgeni hakuna aliyeuomba.

Ukishuka, msalimie mpiga besi na mpiga dramu. (Ndiyo, najipigia debe.) Wageni huwakimbilia wapiga saksafoni maarufu na kutupita kama nguzo, kumbe kiongozi akikosa mtu wa shoo ya kesho, mara nyingi sisi ndio tunaoulizwa: "Yule kijana anashika mdundo?" Jibu letu linaweza kukupa kazi au kukunyima.

Na mdundo unafanyiwa mazoezi. Weka metronomu, kile kifaa cha kutoa mapigo, polepole, kila mlio uuhesabu kuwa pigo la pili na la nne, uiache ikukosoe. Mpiga tarumbeta Clark Terry, ambaye mtayarishaji wa muziki Quincy Jones alijifunza kwake akiwa kijana, alizoea kusema kwamba kwanza unaiga, kisha unameza, ndipo unabuni. Usiruke ya katikati. Chagua solo moja fupi, iimbe pamoja na rekodi hadi pumzi zenu zilingane, ndipo uitafute kwenye chombo. Kuiandika kwenye karatasi kunaweza kusubiri.

Mambo ya pesa nitayasema kwa kifupi kwa kuwa hayana ushairi. Kabla ya shoo, pata kwa maandishi saa ya kufika, idadi ya seti, malipo, na nani analeta spika. Ukitunga na mwenzako, andikeni mgawanyo wa haki siku hiyo hiyo. Mlezi anayetaka jina lake kwenye utunzi ambao hakuugusa, au anayesisitiza masomo ya usiku mkiwa wawili tu mlango umefungwa, huyo mwache, awe na jina kubwa kiasi gani.

Siku utakayopata bendi yako au nafasi kubwa zaidi, mwambie kiongozi wako mapema, ana kwa ana, asije akaisikia kwa wengine. Mtafutie wa kushika nafasi yako. Kaa na huyo mtu mpitie orodha nzima, hasa yale yasiyoandikwa popote: wimbo gani hupunguzwa kasi mwishoni, nani hupenda kuachiwa nafasi kwenye baa za mwanzo za solo yake, na kiongozi akikohoa mara mbili ana maana gani.